Kuunganisha TV na intaneti ya nyumbani: shughulikia njia kwanza, TV baadaye

TV inapoganda katikati ya mechi na lile duara kuanza kuzunguka, lawama huangukia TV yenyewe au kampuni inayouza intaneti. Mara nyingi tatizo haliko kwa yeyote kati ya hao. Liko kwenye zile mita chache kati ya rauta na TV: ukuta wa zege, mlango wa chuma, friji, rauta iliyofichwa nyuma ya kabati la vyombo. Kuunganisha TV na intaneti ni kazi ya dakika tano. Kuifanya ionyeshe bila kukwama ndiko kunakotaka maandalizi, na ndiyo maana hapa nimetanguliza njia, rimoti nikaiweka nyuma.

Ijue TV uliyonayo

Geuza TV uangalie mgongo wake. Tafuta tundu la mraba lililoandikwa LAN au Ethernet. Hilo ni la waya wa mtandao. Tafuta na tundu bapa la HDMI, na la USB. Kisha washa TV, bonyeza kitufe chenye alama ya nyumba kwenye rimoti. Ikikuletea safu ya programu kama YouTube na Netflix, una TV janja, ile ambayo dukani huiita smart. Samsung hutumia mfumo wa Tizen, LG webOS, Hisense nyingi VIDAA, na TCL, Sony na nyingine nyingi Android TV au Google TV. Majina ya menyu hutofautiana kidogo lakini kazi ni ileile.

Usichanganye TV janja na TV yenye king'amuzi ndani. Dar es Salaam ilizimiwa matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na tangu enzi hizo neno dijitali limejaa kwenye maboksi ya TV madukani. Neno hilo linahusu antena. Halisemi lolote kuhusu intaneti, na TV inaweza kuwa na king'amuzi kizuri ndani yake ikawa haina hata Wi-Fi. Kama yako ni hiyo, usiitupe. Ikiwa na tundu la HDMI inatosha, na nitaifikia hapo chini.

Tundu la USB nalo hudanganya watu. Wapo wanaonunua modemu ndogo ya laini ya simu, wakaichomeka nyuma ya TV, wakasubiri intaneti. Tundu lile limewekwa kwa ajili ya flashi na diski. TV karibu zote hazitambui modemu, kwa hiyo fedha hiyo iweke kwenye rauta ndogo ya laini.

Umri wa TV nao una uzito. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za mwaka 2010 na 2011, na programu nyingine zimefuata mkondo huo kwenye mifumo ya zamani. Ukinunua TV ya mtumba, mwombe muuzaji aiunganishe na hotspoti ya simu yako palepale dukani, ufungue YouTube mbele yake. Akikataa, tafuta duka jingine.

Piga hesabu ya kasi na ya bando

Netflix wanapendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p, na 15 kwa 4K. Kwa hiyo familia yenye TV moja ya kawaida haihitaji kifurushi cha kasi kubwa ajabu. Megabiti 10 zinazofika kweli kwenye TV zinashinda 50 zinazoishia mlangoni kwenye boksi la faiba.

Bando ni hesabu nyingine, na hii ndiyo huumiza mifuko. Chukua megabiti 5 kwa sekunde, zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, gawanya kwa 8 ili upate megabaiti. Unapata 2,250, yaani zaidi kidogo ya GB 2 kwa saa. Filamu ya saa mbili ni GB 4 na ushee. Kwa mtu wa faiba isiyo na kikomo hilo si neno, ila kwa anayenunua GB moja moja kwenye simu ni janga. Netflix ina ngazi za matumizi ambazo unaziweka kwenye akaunti kupitia simu au kompyuta: ya chini hula takriban GB 0.3 kwa saa, ya kati 0.7, ya juu hadi 3, na 4K hadi 7. Kwenye YouTube bonyeza alama ya gia wakati video inacheza, uchague 480p. Kwa TV ya inchi 32 inayotazamwa kutoka kwenye kochi, 480p inatazamika vizuri kuliko wengi wanavyodhani, hasa kwa taarifa ya habari, mawaidha na mahubiri.

Pima njia kabla ya kugusa TV

Chukua simu yako, zima data ya laini, acha Wi-Fi ya nyumbani pekee. Simama pale TV ilipo au itakapotundikwa, uiweke simu karibu kabisa na ukuta huo, maana mgongo wa TV ndipo antena yake ilipo. Fungua tovuti ya fast.com ujionee namba. Kisha nenda ukasimame karibu na rauta, pima tena.

Ukipata namba ndogo sehemu zote mbili, tatizo ni intaneti yenyewe: kifurushi, mnara, au kampuni. Ukipata kubwa kwenye rauta na ndogo kwenye TV, njia ndiyo mbovu, na hakuna TV mpya itakayolitibu hilo. Rudia kipimo saa mbili usiku, wakati majirani wote wako nyumbani. Matokeo ya saa nne asubuhi hayakwambii hali itakavyokuwa wakati wa tamthilia.

Rauta ikae wapi

Faiba huingia nyumbani pale ilipomrahisishia fundi wa kampuni, na boksi hubaki hapo hapo: nyuma ya mlango, chini karibu na sakafu, kwenye kona ya mwisho ya nyumba. Siku fundi anapokuja, msimamie. Mwambie avute ule uzi mwembamba wa faiba hadi sebuleni. Kwake ni kazi ndogo, kwako ni tofauti ya miaka.

Rauta ipende urefu: juu ya kabati au kwenye rafu, usawa wa kifua kwenda juu, wazi. Iepushe na friji, kioo kikubwa, tangi la maji na chuma. Maji hunyonya mawimbi na chuma huyarudisha. Kuta nazo hazifanani. Tofali la kawaida hupunguza kiasi, zege lenye nondo hupunguza sana, na kuta nene za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mombasa ya kale ni ngumu kuliko zote. Katika nyumba hizo chumba kimoja kinaweza kuwa na Wi-Fi kali, na chumba cha pili kisiwe na kitu.

Ukitumia rauta ya laini ya simu kuna mgongano wa kutatua. Yenyewe inataka dirisha linaloelekea mnara, na TV inataka rauta iwe karibu. Wengi huisogeza rauta kwenye TV, na hapo wanapoteza mnara. Fanya kinyume: iache dirishani inapopata mnara vizuri, kisha vuta waya wa mtandao kutoka hapo hadi kwenye TV.

Rauta nyingi za sasa hutoa Wi-Fi ya aina mbili, 2.4 GHz na 5 GHz, na mara nyingi ya pili huandikwa 5G mwishoni mwa jina, ingawa haihusiani na 5G ya simu. Ile ya 2.4 hupenya kuta na kufika mbali, ila ina msongamano. Ya 5 ni ya kasi na tulivu, ila ukuta mmoja au miwili inaichosha. TV ikiwa chumba kimoja na rauta, tumia 5. Ikiwa kuta mbili mbali, tumia 2.4. TV nyingi za inchi 32 za bei nafuu hupokea 2.4 pekee, kwa hiyo usishangae jina la 5 lisipotokea kwenye orodha yake.

Kwenye maghorofa ya Kariakoo au Eastleigh, ambako simu yako inaona Wi-Fi za majirani ukurasa mzima, ingia kwenye setingi za rauta kwa kufungua anwani iliyo kwenye stika yake, ubadilishe chaneli, yaani mkondo wa mawimbi, ya 2.4. Chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Angalia majirani wako wanatumia ipi kidogo, uchukue hiyo, na upana wa chaneli uweke 20 MHz. Chaneli 12 na 13 usiziguse: TV na vijiti vya kuchomeka kwenye HDMI vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani haviioni Wi-Fi iliyo kwenye chaneli hizo, na vifaa vya aina hiyo vimejaa nyumba ambazo ndugu wa huko hutuma mizigo.

Waya, ukiweza

Kama TV yako ina tundu la LAN, na unaweza kuvuta waya bila kuharibu nyumba, vuta. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wowote hapa. Waya haujali ukuta, jirani wala friji. Ni kweli kwamba matundu ya LAN ya TV nyingi hukomea megabiti 100 kwa sekunde, na Wi-Fi ya 5 GHz inaweza kuonyesha namba kubwa zaidi kwenye kipimo. Lakini 4K inataka 15 tu. Unachotafuta ni utulivu, na waya unakupa utulivu.

Nunua waya wa Cat5e au Cat6. Hapa panahitaji macho, kwa sababu madukani kuna waya wa shaba tupu na kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba, na vyote viwili hung'aa rangi ileile. Chukua wembe, ukwangue kidogo uzi mmoja wa ndani. Ukitokea weupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu. Waya huo ni mwepesi, hukatika ukiukunja kunja, na kwa umbali mrefu hupoteza nguvu. Kwa mita tano utafanya kazi. Kwa kupitisha juu ya dari, ambako hutaki kurudi tena, lipia shaba. Umbali wa mwisho unaokubalika kwa waya mmoja ni mita 100, kwa hiyo nyumba ya kawaida haina wasiwasi.

Ukinunua waya ulioshakatwa na kufungwa vichwa, umemaliza kazi. Ila kichwa cha RJ45, kile cha plastiki mwishoni mwa waya, hakipiti kwenye tundu dogo la ukutani, kwa hiyo mara nyingi ni heri kupitisha waya mtupu na kubana vichwa baadaye. Chuna ganda la nje kama sentimita tatu. Utaona nyuzi nane zimesokotana mbili mbili. Zifumue, zinyooshe kwa vidole mpaka ziwe laini, uzipange kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zikate mwisho wake zilingane, zibaki kama sentimita moja na nusu. Shika kichwa huku ulimi wake wa plastiki ukielekea chini na mdomo ukikuelekea wewe, sukuma nyuzi zote pamoja mpaka uone ncha nane za shaba zimegusa ukuta wa mbele. Hakikisha ganda la nje nalo limeingia ndani ya kichwa, la sivyo waya utachomoka siku ya kwanza mtoto akiuvuta. Bana kwa koleo lake mara moja kwa nguvu. Upande wa pili rudia mpangilio uleule.

Ukibana na TV isione waya, angalia kwanza chungwa na kijani. Kwa kasi ya megabiti 100 ni jozi hizo mbili tu zinazofanya kazi, na bluu na kahawia zimekaa bure.

Usiupitishe waya wa mtandao ndani ya bomba moja na nyaya za umeme. Nje ya nyumba tumia ule mweusi wa nje, maana ganda la ule wa ndani hupasuka kwa jua. Na kama uko Kanda ya Ziwa, Kisumu au Kampala, ambako radi ni za mwaka mzima, usivute waya wa shaba kutoka nyumba moja hadi nyingine ukiwa wazi hewani. Radi ikipiga karibu, umeme wake hupita humo na kuondoka na rauta na TV kwa pamoja. Ngurumo zikianza, chomoa waya huo pamoja na plagi ya umeme.

Kwa wenye Starlink, intaneti ya setilaiti ambayo Kenya iliipata mwaka 2023: rauta ya kizazi cha 2 haina tundu la waya, utahitaji adapta yake inayouzwa kando. Ya kizazi cha 3 ina matundu mawili nyuma.

Sasa shika rimoti

Ukitumia waya, chomeka upande mmoja kwenye tundu la LAN la rauta na mwingine kwenye TV. Taa ndogo ya tundu hilo kwenye rauta inapaswa kuwaka. Ingia kwenye setingi za TV, sehemu ya mtandao, chagua waya. Nyingi hujiunganisha bila kuuliza kitu.

Ukitumia Wi-Fi, sehemu hiyohiyo chagua Wi-Fi, subiri majina yatokee, chagua la nyumbani kwako, andika neno la siri. Kama hujalibadilisha, neno hilo liko kwenye stika chini ya rauta. Lipige picha kwa simu uisome picha, kwa sababu kuinama na kukariri ndiko kunakozaa makosa. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, sifuri na herufi O hufanana, na namba moja hufanana na herufi l ndogo. Bonyeza alama ya jicho ili uone unachoandika.

Jina lako lisipotokea na majirani wakatokea, sababu huwa chache. Jina la 5 GHz kwenye TV ya 2.4 pekee, nimeshalisema. Nyingine ni usalama wa rauta kuwekwa WPA3 peke yake. TV za zamani hazilijui hilo. Weka WPA2, au ule mseto wa WPA2 na WPA3.

TV ikisema imeunganishwa lakini hakuna intaneti, fungua taarifa za mtandao usome namba ya anwani yake ya IP. Ikianza na 192.168 au 10, TV imekubaliwa na rauta, na hitilafu iko mbele zaidi. Ikianza na 169.254, TV haikupewa anwani na imejipa yenyewe. Zima rauta, hesabu mpaka thelathini, washa, iache dakika tatu, kisha washa TV. Hali hii hutokea sana umeme unaporudi baada ya kukatika: TV huamka upesi, rauta bado inajipanga, na TV inakata tamaa mapema.

Anwani ikiwa sawa na bado programu zinagoma, angalia saa na tarehe za TV. Watu wengi hawaamini kwamba saa inaweza kuzuia YouTube, lakini inazuia. Programu hizi huthibitisha vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na kwisha, na TV inayodhani ni mwaka 2015 huvikataa vyote. Weka saa kwa mkono, eneo likiwa Dar es Salaam au Nairobi, kisha jaribu tena. Ikishindikana, nenda kwenye DNS, huduma inayotafuta anwani za tovuti, badilisha kutoka otomatiki uandike 8.8.8.8 au 1.1.1.1.

Kwenye boksi la faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, uzi wa faiba haupati mwanga. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye TV, piga simu kwa kampuni. Na kuna siku kosa liko mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Waliokuwa wakirudisha TV zao kwenye setingi za kiwandani usiku huo walifuta akaunti zao bure. Kabla ya kufuta chochote, muulize jirani kwanza.

Hotspoti ya simu

Nyumba nyingi hazina rauta, zina simu ya baba au ya dada. Inawezekana, kwa masharti. Kwenye Android fungua setingi za hotspoti uchague 2.4 GHz, ndipo TV ya bei nafuu itaiona. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata, washa kitufe cha Maximize Compatibility kwenye ukurasa wa hotspoti. Zima ile setingi inayofunga hotspoti yenyewe ikikaa bila kutumika. Weka simu kwenye chaji, mahali penye hewa, si chini ya mto.

Kisha ilinde bando. TV iliyounganishwa hupakua masasisho yenyewe, na sasisho moja la mfumo linaweza kumeza mamia ya MB wakati familia imelala. Ingia kwenye setingi uzime masasisho ya otomatiki, uyafanye siku ukiwa kwenye Wi-Fi ya mtu mwenye nafasi. Zima na video zinazojicheza zenyewe kwenye ukurasa wa mbele wa Netflix. Ukimaliza kutazama, zima hotspoti yenyewe, si TV peke yake.

TV isiyo janja

Unahitaji boksi au kijiti cha kuchomeka kwenye HDMI. Kichomeke, badilisha chanzo cha picha kwa rimoti uchague HDMI yenye namba hiyo, kisha fuata maelekezo kwenye skrini kama ulivyofanya juu.

Kosa la kawaida hapa ni umeme. Kijiti kina waya mdogo wa USB, na kwa kuwa TV ina tundu la USB pembeni, mtu anachomeka hapo. Tundu hilo la TV mara nyingi hutoa nusu ampea, na kijiti kinataka moja. Kwa dakika za mwanzo kinaonekana kizima. Ukifungua video nzito, skrini inakuwa nyeusi, nembo inarudi, na kinaanza upya. Watu hukirudisha dukani wakisema kibovu. Tumia kichwa chake cha chaji kwenye soketi ya ukutani. Na kama TV imebanwa ukutani, tumia kile kipande kifupi cha HDMI kinachokuja nacho kwenye boksi, kijitokeze kidogo pembeni; kikikaa nyuma ya bati la TV, Wi-Fi hudhoofika.

Kuhusu maboksi ya Android yasiyo na jina, yale yanayouzwa kwa ahadi ya chaneli zote bure milele, naomba nisikilizwe. Mengi yamekutwa na programu haramu zilizowekwa humo kabla hata hayajafika dukani. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa uitwao BADBOX 2.0, na maboksi ya TV ni sehemu yake kubwa. Boksi kama hilo linakaa ndani ya Wi-Fi yako, pamoja na simu unazofanyia miamala ya fedha, na wahalifu hupitisha kazi zao kwenye intaneti unayoilipia wewe. Nunua boksi lenye uthibitisho wa Google, ambalo Play Store yake ni halali, hata kama ni ghali zaidi. Likikutaka uzime Play Protect, kinga ya Google dhidi ya programu hatari, ili lifanye kazi, lirudishe.

Chumba cha mbali na rauta ya zamani

TV ya chumbani haipati mawimbi? Usikimbilie kile kifaa cha kurudufisha Wi-Fi kinachochomekwa kwenye soketi. Vya bei nafuu hupokea na kutuma kwa redio moja, hivyo kasi hukatika karibu nusu. Kama una rauta ya zamani kabatini, hata ya kampuni uliyoihama, ina kazi.

Ibonyeze kitundu cha kurudisha setingi za kiwandani kwa pini mpaka taa zibadilike. Unganisha kompyuta au simu nayo, fungua anwani iliyo kwenye stika yake, mfano 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Kwanza weka jina na neno la siri la Wi-Fi, na chaneli tofauti na ya rauta kuu. Pili badilisha anwani yake isigongane na ile kuu: kuu ikiwa 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2. Itajizima na kuwaka; ingia tena kwa anwani mpya. Mwisho kabisa zima DHCP, ile kazi ya kugawa anwani, ili anwani zigawiwe na rauta kuu peke yake. Ukiizima mapema utajifungia nje. Sasa vuta waya kutoka tundu la LAN la rauta kuu hadi tundu la LAN la hii. Lile la WAN, la kuingizia intaneti, liache tupu. TV ya chumbani iunganishe na rauta hiyo, kwa waya mfupi au kwa Wi-Fi.

Tazama bila kutumia bando

Faida hii hutajwa mara chache. Rauta inafanya kazi hata kifurushi kikiisha, na kinachosafiri ndani ya nyumba hakihesabiwi na kampuni. Kama una video za harusi, mawaidha, katuni za watoto au masomo kwenye kompyuta, TV inaweza kuzicheza moja kwa moja.

Kwenye Windows weka video kwenye folda ya Videos, fungua Control Panel, tafuta media streaming, uiwashe na uruhusu TV yako kwenye orodha. TV janja nyingi zitaiona kompyuta hiyo kama chanzo kingine, sambamba na HDMI na USB. Kwenye Android TV sakinisha VLC, ambayo ni bure, uende sehemu ya kuvinjari mtandao wa nyumbani. Anayetaka mpangilio mzuri wenye picha za majalada aweke Jellyfin kwenye kompyuta; nayo ni bure.

Vyote viwe kwenye mtandao mmoja. TV ikiwa kwenye Wi-Fi ya wageni na kompyuta kwenye ya familia, havitaonana, hata viwe meza moja. Ni hivyohivyo simu inaposhindwa kurusha picha kwenye TV: kabla ya kulaumu kingine, soma jina la Wi-Fi kwenye vyote viwili, kisha angalia kwenye rauta kama kuna setingi ya kutenganisha vifaa, mara nyingi huandikwa AP isolation, uizime.

Zima kinachokutazama

Baada ya yote kufanya kazi, rudi kwenye setingi mara moja zaidi. TV janja nyingi hutambua kilichoko kwenye skrini, hata kinachotoka kwenye king'amuzi au flashi, na kutuma taarifa hizo kwa mtengenezaji. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 huko Marekani kwa kufanya hivyo bila kuwaambia wateja. Kwenye Samsung setingi hiyo huitwa Viewing Information Services, kwenye LG Live Plus. Kwenye nyingine pitia sehemu ya faragha na uondoe tiki kwenye kila kinachohusu matangazo na taarifa za utazamaji. YouTube na Netflix zitaendelea kucheza kama kawaida.